Jiwe la Ukurasa wa Kumi na Nne

Wewe uliyejiegemeza hapo ukutani, hebu niambie ukweli: umewahi kutia saini karatasi ambayo hukuisoma? Usinitazame mimi. Jijibu mwenyewe kimoyomoyo, kisha utege sikio, maana hadithi hii mwishoni inatafuta hakimu, na mahakimu waliosaini bila kusoma tunao wa kutosha.

Hapo zamani, tena si zamani ya mbali, ni zamani ambayo rangi yake haijakauka sawasawa, palikuwa na chuo kikuu juu ya kilima chenye upepo. Jina lake ninalo, lakini nalifunika, kwa sababu walimu wake ni wanasheria na mimi wakili wa kunitetea sina. Chuo kile kilikuwa na kitivo cha sheria, na kitivo kile hakikuwa na jengo. Kilifundishia ndani ya ghala kuukuu la pamba. Mvua ikipiga bati, mhadhiri wa Katiba unamwona midomo tu inacheza. Mahakama ya mafunzo, ile ambayo mwanafunzi hujifunzia kusimama mbele ya jaji na kutetea kesi ya kubuni, ilikuwa meza mbili na pazia. Maktaba ilikuwa kabati. Na funguo za kabati alikuwa nazo mzee aliyestaafu akahamia kwao.

Wanafunzi wakaandika barua kwa Baraza linalosimamia elimu ya sheria. Baraza likaja, likatazama, likapangusa pamba mabegani, likaamuru: jengeni jengo lenye mahakama ya mafunzo na maktaba. Tunarudi baada ya miaka mitatu. Tukilikuta, wahitimu wenu tutawatambua. Tusipolikuta, shahada zenu ni karatasi, fungieni vitumbua.

Hilo la vitumbua nimeliongeza mimi. Mengine yote waliyaandika wao.

Sasa kulikuwa na darasa lililokuwa linaingia mwaka wa pili, watu tisini na mmoja. Darasa likapiga hesabu: miaka mitatu ikiisha, sisi ndio tunamaliza. Kwa hiyo jengo likisimama, sisi ni mawakili watarajiwa. Lisiposimama, sisi ni watu wazima waliosoma miaka minne wakarudi nyumbani kuambiwa na mama zao, "Haya msomi, maji ya kuoshea vyombo yale pale."

Kamati ya Ujenzi ikaundwa. Wajumbe walikuwa kumi na saba, ila hadithi inawahitaji watatu tu. Waliobaki walifuata sambusa.

Mwenyekiti alikuwa Profesa Rwegoshora, mkuu wa kitivo, mtu mwenye kikohozi cha heshima. Akikohoa, mnanyamaza. Mwandishi wa kamati alikuwa Daktari Elinihaki Mshana, mhadhiri wa sheria ya mikataba, aliyekuwa akiweka Kiingereza katikati ya sentensi kama mtu anayeweka nyama kwenye pilau, ionekane. Na mwakilishi wa wanafunzi alikuwa Sekela Mwambene, binti wa darasa lile la watu tisini na mmoja, msomaji, mbishi kidogo, mwoga kidogo.

Lazima kwanza nikueleze desturi ya watu hawa, vinginevyo hutaamini yanayofuata. Waraka ukiletwa kikaoni, hausomwi. Kusoma ni kazi ya wasiokuwa na vyeo. Mwenyekiti anaunyanyua juu kila mtu aone kwamba una kurasa, anauliza, "Uchukuliwe kuwa umesomwa?" Na wajumbe wote, kama watoto wa chekechea, "Umesomwa!" Basi. Kuanzia hapo, kisheria, umesomwa. Ukisema wewe hujausoma, unapingana na kumbukumbu za kikao, na kumbukumbu za kikao hazipingwi, kwa sababu nazo zilichukuliwa kuwa zimesomwa.

Umenielewa? Usitikise kichwa tu. Ndivyo ilivyoanza.

Daktari Mshana akapewa kazi ya kuandika maelekezo ya jengo, ule waraka ambao msanifu wa majengo atausoma ndipo achore. Mtu mwingine angekaa chini akajiuliza: wanafunzi wa sheria wanahitaji nini? Dirisha? Kiti? Daktari hakujiuliza. Darasani alikuwa akitufundisha, "Wakili hatungi, wakili anatafuta! Precedent, ladies and gentlemen! Hati iliyokwisha kupita ndiyo hati nzuri." Akatafuta. Akakuta kwamba katika historia nzima ya chuo kile, waraka mmoja tu wa jengo ulipitishwa na Seneti siku hiyohiyo bila swali hata moja. Ulikuwa waraka wa kitivo cha tiba ya mifugo.

Akaufungua kwenye kompyuta. Akaiamuru kompyuta: popote palipoandikwa ng'ombe, weka mwanafunzi. Palipoandikwa malisho, weka vitabu. Palipoandikwa mfugaji, weka mzazi. Palipoandikwa daktari wa mifugo, weka mhadhiri. Kompyuta haibishani na mtu mwenye PhD. Kufumba na kufumbua, kitivo cha sheria kikawa na waraka wa kurasa arobaini, na Daktari akaenda kunywa chai.

Kikao kikaitwa. Profesa akakohoa, akaunyanyua waraka.

"Uchukuliwe kuwa umesomwa?"

"Umesomwa!"

Isipokuwa mkono mmoja, kule mwisho wa meza, karibu na chupa za chai. Sekela aliusoma. Aliusoma bwenini kwa siku mbili, akafika ukurasa wa kumi na nne, akarudia mara tatu akidhani macho yake yamechoka. Paliandikwa hivi:

"Wanafunzi wataingia mmoja mmoja kupitia njia nyembamba yenye kuta imara pande zote mbili, ili wasiweze kugeuka. Mwisho wa njia patakuwa na dimbwi la dawa lenye kina cha kutosha kumzamisha mwanafunzi mzima pamoja na kichwa. Wakishatoka, watasimama kwenye sakafu yenye mteremko mpaka wachuruzike."

"Mwenyekiti," akasema Sekela, "naomba ufafanuzi. Ukurasa wa kumi na nne..."

"Binti, hilo ni la mengineyo. Sasa hivi tuko ajenda namba tatu."

"Lakini Profesa, ajenda namba tatu ndiyo huu waraka."

"Waraka umeshasomwa, Sekela. Au unataka kutuambia hapa ndani hakuna anayejua kusoma isipokuwa wewe?"

Wakacheka. Daktari Mshana akamwegemea, akamwambia kwa huruma ile inayouma, "With due respect, learned friend, subiri kwanza uvae joho."

Sekela akashusha mkono. Ajenda ya mengineyo haikufika. Zilifika sambusa. Kisha ikapitishwa karatasi yenye kichwa kilichosomeka "Waliohudhuria na Kuridhia," watu wanatia saini kwa vidole vya mafuta, ikamfikia Sekela. Wiki hiyo barua yake ya kuendelea na ufadhili ilikuwa juu ya meza ya Profesa, inasubiri saini. Akaitazama karatasi. Akamtazama Profesa. Profesa akakohoa.

Akasaini.

Waraka ukapelekwa kwa msanifu wa majengo, Bwana Hamdani Likwata, huyu ndiye mtu wetu wa nne. Bwana Likwata alikuwa na kalamu nzuri na hakuwa mjinga. Na yeye alisoma. Na yeye alifika ukurasa wa kumi na nne akasimama. Akaandika barua ya mistari miwili: "Naomba kuthibitishiwa, je, dimbwi ni kwa ajili ya wanafunzi?" Daktari Mshana, bila kufungua ukurasa wowote, akajibu siku hiyohiyo: "Waraka umepitishwa na mamlaka husika. Tekeleza kama ulivyo." Chini yake mhuri, mwekundu, mkubwa kama kisahani cha kahawa.

Bwana Likwata akaiweka barua ile kwenye faili, akafunga faili, akachora dimbwi.

Uzio wa mabati ukawekwa, ujenzi ukaanza. Kila baada ya miezi mitatu taarifa ya ujenzi inaletwa kikaoni. Uchukuliwe kuwa imesomwa? Imesomwa! Mara moja tu Profesa alikwenda mwenyewe kutembelea, na kofia ya plastiki kichwani. Akakuta shimo refu la zege. Akamuuliza Fundi Chilumba, msimamizi wa mafundi, "Hili ni nini?"

"Ndiyo lile la ukurasa wa kumi na nne, Profesa."

Sasa hapo, msikilizaji wangu, palikuwa na mlango. Mtu angeweza kusema, "Ukurasa wa kumi na nne unasemaje?" Sentensi moja tu. Lakini Profesa akiuliza hivyo, fundi atajua kwamba Profesa hakusoma. Basi akakunja uso wa kitaalamu, akalizunguka shimo, akatikisa kichwa.

"Safi. Lakini ongezeni kina kidogo."

Wakaongeza.

Jengo likaisha. Likapakwa rangi ya maziwa. Mbele ya mlango likawekwa jiwe la marumaru lililochongwa JENGO LA, na chini yake nafasi tupu ya jina moja. Jina moja tu, kwa maana marumaru ilikuwa kipande. Fundi Chilumba akasimama na patasi, akasubiri aambiwe jina la nani. Na wale wanne wakakusanyika mbele ya jiwe, migongo yao imeelekea mlango. Ndani hakuingia mtu. Waende kutazama nini? Walishasoma.

Profesa akakohoa. "Jina ni langu. Nani aliongoza vikao kumi na tisa? Bila mwenyekiti hakuna kikao, bila kikao hakuna jengo. Chonga Rwegoshora."

"Objection!" akasema Daktari Mshana. "Jina ni langu. Nani aliandika waraka? Jengo hili kabla ya kuwa zege lilikuwa maneno, na maneno ni yangu, kila moja. Chonga Mshana."

"Waungwana, jina ni langu," akasema Bwana Likwata. "Maneno hayazuii mvua. Nani alichora? Hakuna ukuta humu ambao haukupita kwanza kwenye kalamu yangu. Chonga Likwata."

"Shikamooni," akasema Sekela. "Mimi siombi langu, naomba la darasa. Nani aliandika barua kwa Baraza? Bila barua yetu mngekuwa bado mnapangusa pamba. Chonga Tisini na Mmoja."

"Binti," akasema Profesa, "hilo ni la mengineyo."

Wakabishana mpaka koo zikakauka. Wakaafikiana kwamba nafasi iachwe wazi mpaka Baraza litakapokuja kukagua, ili jina lichongwe mbele ya wageni, kwa makofi.

Baraza likaja. Lilimtuma mwanamke mmoja mfupi, jaji mstaafu, Bi Raya Mselem, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi na masikio yanayosikia hata unachokificha. Profesa akamkaribisha kwa maneno marefu. Jaji akasema, "Ahsante. Twende ndani."

Wakaingia. Wakaingia mmoja mmoja, kwa sababu njia ilikuwa haitoshi wawili. Kuta kulia, kuta kushoto. Profesa mbele, Jaji nyuma yake, halafu Daktari, halafu msanifu, halafu Sekela, halafu Fundi Chilumba. Profesa alipoona mbele kunateremka ghafla alitaka kugeuka, akashindwa. Njia ilikuwa imejengwa vizuri. Wasigeuke, na hawakugeuka.

Wakasimama ukingoni mwa josho.

Naam, josho. Sasa naliita jina lake. Josho la ng'ombe, refu, lenye zege nyororo, na mvua ya jana ikiwa imelijaza nusu.

"Profesa," akasema Jaji, "hiki nini?"

Kikohozi hakikutoka.

"Daktari, hiki nini?"

"My Lady, nadhani... it depends..."

Fundi Chilumba akajibu kutoka nyuma, kwa adabu, "Dimbwi la kuzamishia wanafunzi, mheshimiwa. Pamoja na kichwa."

Jaji akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Kwa kosa gani?"

Wakatoka kinyumenyume, mmoja mmoja. Akauliza maktaba iko wapi. Akaonyeshwa dari. Vitabu juu, chini hori refu la saruji, na tundu katikati ya dari, kwani ukurasa wa kumi na tano ulisema vitabu vidondoshwe horini mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni. Akauliza mahakama ya mafunzo. Akaonyeshwa chumba chenye mfereji sakafuni na kibano cha chuma cha kumshika mwanafunzi shingo wakati mhadhiri anamchunguza.

Jaji akatoka nje. Akasimama mbele ya lile jiwe, akalisoma, akaigusa nafasi yake tupu kwa kidole.

"Sikilizeni," akasema. "Josho si tatizo. Josho linafukiwa kwa kifusi wiki moja. Nisichoweza kukifukia ni kitivo cha sheria kisichoweza kusema nani alifanya nini. Sitaki barua ya 'makosa yalitokea.' Makosa hayatokei, siyo mvua. Nataka jina. Moja. Mlichonge kwenye jiwe hili hili, kila atakayeingia alisome: jengo hili liliharibiwa na fulani. Mwenye jina hatakanyaga tena sheria, awe mwalimu, awe mjenzi, awe mwanafunzi. Siku mtakayochonga, nitakuja kulisoma kwa macho yangu, na siku hiyohiyo wahitimu wenu tisini na mmoja watatambuliwa. Kabla ya hapo, hapana."

Akapanda gari lake akaondoka, hakugusa hata sambusa.

Wakabaki wanne na jiwe. Jiwe lilelile walilogombania wiki iliyopita, sasa kila mmoja amerudi nyuma hatua moja, kama lina umeme.

Profesa akakohoa. "Jina si langu. Mimi niliongoza tu. For the record, niliuliza kama kuna marekebisho. Mwenyekiti si msomaji, mwenyekiti ni mwenyekiti. Aliyeandika ndiye aliyeharibu. Chonga Mshana."

"Objection!" akasema Daktari. "Jina si langu. Mimi nilileta rasimu, na rasimu huletwa ili isomwe. Wajumbe kumi na saba walitamka kwa vinywa vyao kwamba imesomwa! Mimi nani niwaite waongo? Na shimo lenyewe mimi sikulichora. Chonga Likwata."

"Waungwana, jina si langu," akasema msanifu. "Mimi niliuliza kwa barua. Barua hii hapa. Jibu hili hapa. Mhuri huu hapa."

"Lakini uliona ni upuuzi!" akafoka Daktari. "Mtu mzima na akili zake anachora josho la kuzamishia watoto wa watu?"

"Nilijua ni mila yenu! Mnavaa majoho meusi kwenye jua la saa saba. Mnainamia kiti ambacho hakina mtu. Mnaitana marafiki huku mnachukiana. Mimi nitajuaje kwamba kuzamishana ndiko kumewazidi? Nikauliza, nikajibiwa tekeleza. Tena nasikia kuna mtu kati yenu aliyejua kabla yangu. Muulizeni yeye."

Wote wakageuka. Sekela.

"Jina si langu," akasema Sekela. "Mimi nilisoma. Mimi peke yangu. Mimi nilinyoosha mkono, mkaucheka."

"Ukaushusha," akasema Profesa.

"Uliniambia mengineyo!"

"Na ukasaini. Saini yako hii hapa, 'Waliohudhuria na Kuridhia.' Sisi tulisaini bila kujua. Wewe ulisaini unajua. Katika sheria niliyokufundisha mimi mwenyewe, binti, kati ya asiyejua na anayejua, nani ana hatia kubwa?"

Uone ufundi wa mtu! Miaka mitatu hakusoma ukurasa mmoja, ila siku ya kumnyonga mtoto wa mwenzake sheria yote aliikumbuka, na kifungu na kifungu kidogo.

Kisha akalainika. Akamshika Sekela bega. "Mwanangu, fikiria. Mimi nina miaka thelathini kazini. Daktari ana wanafunzi. Huyu bwana ana kampuni, ana watu wanaomtegemea. Wewe bado kijana, utafanya kitu kingine. Likichongwa jina lako leo, wenzako tisini wanatambuliwa kesho. Tisini! Utakuwa umewatetea kuliko wakili yeyote."

Sekela akamgeukia fundi. "Baba Chilumba, na wewe ulijua?"

Fundi Chilumba akaikung'uta patasi kwenye kiganja. "Mwanangu, mimi kusoma sikujaliwa. Kila asubuhi kabla hatujashika sepetu, kijana wa msanifu alikuwa akitusomea karatasi, mstari kwa mstari, kwa sauti, na mimi nalazimisha arudie. Maana zege ukishalimwaga halirudi kwenye mfuko. Ile ya kuzamisha aliirudia mara nne. Mafundi wakaniuliza, mzee, ndiyo nini? Nikawaambia labda wasomi nao wana ubatizo wao." Akawatazama wale watatu. "Sisi tulisomewa. Ninyi mlisomewa na nani?"



Darasa likaitwa. Tisini wakasimama uwanjani, wakaelezwa. Nusu wakasema, "Sekela, andika. Mmoja kwa tisini, hata wewe kwenye mtihani ungejibu hivyo." Wengine wakasema, "Thubutu! Yeye ndiye peke yake aliyesoma, halafu yeye ndiye aadhibiwe? Basi kesho nani atasoma?" Mwingine, jina silitaji, akasema, "Kwani yeye alituambia? Alituwakilisha sisi. Alijua miaka mitatu, tukilala bweni moja, tukila ugali mmoja, hakututamkia." Hapo hata waliokuwa wanamtetea wakatazama chini. Na walikuwepo wengine ambao hawakusema lolote, walikuwa wanasubiri waone upande upi utashinda. Mimi nilikuwa wa hao. Nalisema mwenyewe kabla hujaniuliza.

Fundi huwa anachora kwanza kwa chaki, ndipo anachonga. Sekela akamwomba chaki. Akapiga magoti mbele ya jiwe, akaandika herufi moja, S. Mkono ukasimama. Akageuka akatutazama, akapita uso kwa uso, kama mtu anayesoma ukurasa anaotaka kuukumbuka. Kisha akaiweka chaki juu ya jiwe, akainuka, akashuka kilima kwa miguu.

Hakufuta ile herufi. Wala hakuimalizia.

Tangu siku hiyo ni miezi kumi na minne. Chuo kimeunda kamati ndogo ya kutafuta jina. Kamati ndogo imeleta taarifa ya awali, ya kurasa sitini. Ilichukuliwa kuwa imesomwa. Profesa bado anakohoa. Daktari bado anafundisha mikataba, tena mwaka huu amepewa somo la maadili ya uwakili, aisee, sikutanii. Msanifu anajenga zahanati mahali fulani. Josho limeota vyura. Na sisi tisini na mmoja tuna shahada zisizotambuliwa. Mmoja anauza vocha, mmoja anafundisha twisheni ya Kiingereza, na mmoja mama yake kila asubuhi anamwambia, "Haya msomi, maji yale pale." Sekela, wanasema, anaandikia watu barua za malalamiko nje ya mahakama ya mwanzo. Anawasomea kwa sauti kabla hawajatia dole gumba.

Haya, hakimu wangu wa ukutani. Jiwe lina nafasi ya jina moja. Yupo aliyeongoza asisome, kisha akaongeza kina. Yupo aliyenakili, akapiga mhuri. Yupo aliyesoma, akauliza, akajibiwa upuuzi, akauchora. Na yupo aliyesoma, akanyoosha mkono, akachekwa, akasaini, akanyamaza miaka mitatu. Je, la nani lichongwe? Na ukishalitaja, niambie na hili: ungekuwa wewe ndiye uliyeshika chaki, ile S ungeimalizia, au ungeifuta?

Nanyi wajumbe wa kamati, msijifanye hamnisikii, hadithi hii nimeisimulia karibu na dirisha lenu makusudi. Patasi ipo. Fundi Chilumba yupo, anakuja kila Jumatatu kuuliza. Tunataka jina, na tunalitaka likiwa limetamkwa na midomo yenu. Na kabla hamjalitamka, fungueni waraka. Someni ukurasa wa kumi na nne, wote, kwa sauti, mstari kwa mstari, mkiwa mmesimama ndani ya lile josho, tusikie mpaka huku nje. Na atakayesema uchukuliwe kuwa umesomwa, mzamisheni. Pamoja na kichwa.